CD Haifi kwa Siku Moja

Katika nyumba nyingi za Likasi, hapa Katanga, kuanzia Kikula hadi Panda na Shituru, utakuta boksi juu ya kabati au mfuko chini ya kitanda, na ndani yake mna CD. Kuna arusi ya kifungua mimba, kuna matanga ya mzee, kuna kwaya ya parokia siku ya Pasaka, kuna mahubiri ya mchungaji ambaye sasa ni marehemu. Nyingi zilichomwa katika ile miaka ya 2000, wakati wapiga video wa mjini walipokuwa wamekwisha kupata kompyuta za kuchomea. Zilitazamwa miezi ya mwanzo, wageni wakaonyeshwa, kisha zikafungwa. Wenyewe wanaamini ziko salama kwa sababu hakuna anayezigusa.

Ndugu msomaji, imani hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. CD huharibika hata ikiwa imelala tu. Huharibika polepole, na mara nyingi hutoa dalili muda mrefu kabla ya kunyamaza kabisa. Nataka kusimulia kisa cha kweli cha mahali ambapo dalili hizo zilionekana na watu wakachelewa kuzielewa. Walikuwa na mashine nzuri kuliko zetu, na nyumba zao hazina joto la Oktoba chini ya mabati, lakini walikwama. Nani kati yetu atasimama aseme kwamba yeye hawezi kukwama? Mimi sithubutu.

CD ziliingia madukani kwa mara ya kwanza nchini Japani, Oktoba 1982, kazi ya pamoja ya Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani. Zilitangazwa kwa ahadi nzito: sauti safi, kamili, ya milele. Watu waliochoshwa na santuri zinazokwaruzika na kanda zinazomezwa na redio waliipokea ahadi hiyo kwa mikono miwili. Neno "milele" liliingia vichwani na halikutoka. Mtu akishaambiwa kwamba kitu ni cha milele, haangalii tena kama kinaumwa.

Onyo la mapema lilitoka kwa wenye kazi wenyewe. Mwaka 1988 kampuni ya Nimbus, iliyokuwa ya kwanza kutengeneza CD nchini Uingereza, ilitahadharisha kwamba wino uliotumiwa na baadhi ya viwanda kuchapia upande wa juu ungeweza kula vanishi, na kwamba CD za namna hiyo huenda zisifikishe miaka kumi. Biashara ilikuwa imechangamka, na onyo linalotoka wakati wa mauzo mazuri hupata masikio machache.

Karibu na wakati huohuo, katika mji wa Blackburn, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kiwanda cha PDO, ubia wa Philips na Du Pont, kilikuwa kikitoa CD ambazo baadhi yake zilikuwa na ugonjwa tangu kuzaliwa. Zile zilizougua zaidi zilitengenezwa kati ya 1988 na 1993. Kwa macho zilikuwa nzuri kabisa. Zilipigwa bila kasoro. Zilinunuliwa na wapenzi wa muziki wa kinanda na wa kwaya, watu wanaofuta vumbi kabla ya kufungua kasha.

Ili tuelewe kilichozipata, tuitazame CD yenyewe kwa karibu. Upana wake ni sentimita 12, unene wake milimita 1.2. Karibu unene huo wote ni plastiki ngumu na angavu, iitwayo polikaboneti. Juu ya plastiki hiyo umepakwa utando wa chuma, kwa kawaida alumini, ambao unene wake haupiti sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Huo ndio kioo kinachorudisha mwali wa leza, na bila huo hakuna sauti. Juu ya alumini kuna vanishi, na juu ya vanishi kuna wino wa jina na picha. Basi, hakuna kingine.

Sasa tafakari jinsi tunavyozishika. Upande wa chini, ule unaong'aa na ambao tunawakemea watoto wasiuguse, umekingwa na zaidi ya milimita nzima ya plastiki. Upande wa juu, ambao tunauandika, tunaubandika makaratasi na kuulaza juu ya meza ili "ule wa maana" uangalie dari, hauna kinga yoyote isipokuwa vanishi. Mkwaruzo wa chini mara nyingi unaweza kung'arishwa ukaisha. Mkwaruzo wa juu unaofika kwenye chuma umeondoa sauti yenyewe, na hakuna fundi atakayeirudisha. Tunalinda mlango wa chuma na kuacha dirisha wazi.

Vanishi ya Blackburn haikuweza kuzuia salfa. Nayo salfa ilitoka mahali ambapo hakuna aliyepashuku: kwenye karatasi ya kijitabu kilichowekwa pamoja na CD ndani ya kasha lake. Kiwanda kilieleza kwamba salfa hiyo ilipenya vanishi ikala alumini. Peter Copeland, wa hifadhi ya sauti ya Maktaba ya Uingereza, alieleza kwamba chuma kilichotumika kilikuwa fedha badala ya alumini, na fedha ikikutana na salfa hubadilika rangi. Kwa maelezo yote mawili adui ni yuleyule na njia aliyopitia ni ileile. Sisi tulioishi jirani na asidi ya salfa ya viwanda vya Shituru tangu enzi za kampuni ya migodi ya Union Minière hatuhitaji kufundishwa salfa inavyofanya ikikutana na chuma.

Dalili ilianzia ukingoni. Rangi ya fedha ilianza kugeuka kahawia, ikikaribia rangi ya shaba, kwanza kama utepe mwembamba kuzunguka ukingo, kisha ikaingia ndani kidogo kidogo. Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza, na ilionekana kwa macho matupu. Lakini ni rahisi kuelewa kwa nini wengi hawakushtuka: CD ilikuwa bado inaimba. Mtu anaitoa, anaona ukahawia ukingoni, anaifuta kwa kitambaa, anairudisha kwenye mashine, inapiga. Anasema, ah, ni rangi tu.

Dalili ya pili ilikuwa ya masikio, na hapa ningependa kila msomaji ashike jambo moja. CD husomwa kuanzia ndani kwenda nje. Wimbo wa kwanza uko karibu na tundu la katikati, na wa mwisho, kama CD imejaa, uko ukingoni. Kwa hiyo ugonjwa unaoanzia ukingoni hugonga nyimbo za mwisho kwanza. Mtu aliyezoea kusikiliza nyimbo tatu nne za mwanzo kisha akazima angeweza kukaa miaka bila kujua kwamba mkia wa CD yake umekwisha kuoza. Aliyefika mwisho alisikia mchakacho hafifu nyuma ya muziki, mfano wa mafuta yanayokaangwa mbali, akadhani ni mashine, au ni nyaya za spika.

Kuna sababu nyingine iliyowalaza watu usingizi, nayo imo ndani ya ufundi wenyewe. Waliobuni CD walijua kwamba itapata vumbi na mikwaruzo. Kwa hiyo waliandika habari zake kwa namna ambayo kipande kikikosekana, mashine hukitafuta kwa hesabu kutoka kwenye vipande vingine. Pengo la karibu milimita 2.5 kwenye mstari wa sauti hufidiwa bila wewe kusikia chochote. Pengo likizidi hapo, mashine hukisia sauti iliyokosekana. Likizidi tena, hunyamaza kwa nukta moja au huruka. Ni ufundi wa kusifiwa, na umeokoa muziki mwingi. Lakini una madhara yake: CD inaweza kuwa imeharibika sana na bado ikasikika nzima. Makosa yanaongezeka mwaka hadi mwaka, mashine inayaficha mwaka hadi mwaka, mpaka siku moja yanapita uwezo wake. Siku hiyo mwenye CD anasema, "Jana ilikuwa inapiga vizuri, leo imekufa." Haikufa leo. Ilianza kufa zamani.

PDO ilikiri kwamba kosa lilikuwa lake, ikawabadilishia watu CD kwa miaka kadhaa. Kampuni ya Hyperion ya London, ambayo kazi zake nyingi zilitengenezwa Blackburn, nayo iliwapa wateja wake mpya. Aliyekuwa macho alisoma maandishi madogo kwenye duara la ndani, MADE IN U.K. BY PDO, akapeleka malalamiko yake, akapata nyingine. Wala tusidhani kwamba ni habari ya zamani iliyokwisha. Mwaka 2025 kampuni ya Warner Bros. ya Marekani nayo ilikiri kwamba baadhi ya DVD zake zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2008 zimeoza na hazichezi. Wapenzi wa filamu walikuwa wamelalamika kwa miaka kabla ya hapo.

Lakini angalia vizuri ni nini kilichowaokoa wateja wa Hyperion. Muziki wao ulikuwa na asili yake mahali pengine. CD iliyooza ilikuwa nakala moja kati ya maelfu, na kiwanda kilikuwa na cha kutengenezea nyingine. Je, arusi iliyofungwa Kikula mwaka 2005, asili yake iko wapi? Mpiga video alifuta kanda ili arekodi arusi ya Jumamosi iliyofuata. Kompyuta aliyochomea ilikwisha kuuzwa vipuri. Ile CD moja iliyo kwenye boksi ndiyo asili na ndiyo nakala. Hakuna kampuni ya kuiandikia barua.

Tena CD zetu ni dhaifu zaidi. Ile ya kiwandani ina vishimo vilivyochapwa ndani ya plastiki, na vishimo havipauki. CD ya kuchoma, ambayo kampuni ya Taiyo Yuden ya Japani iliianzisha mwaka 1988, haina vishimo. Ina tabaka la rangi ya kikemia, na mwali wa leza huunguza alama kwenye rangi hiyo. Ndiyo sababu ukiigeuza unaona ukijani, au ubuluu, au manjano hafifu. Rangi hiyo huvunjwa na mwanga wa jua na joto. Ikipauka, tofauti kati ya palipounguzwa na pasipounguzwa hupungua, na leza hushindwa kusoma. Taasisi ya Uhifadhi ya Kanada hukadiria kwamba CD ya muziki ya kiwandani ikitunzwa inaweza kuishi miaka 50 hadi 100, lakini baadhi ya CD za kuchoma, zile za rangi dhaifu, ni miaka 20 hadi 50. Hiyo ni kwa zile zilizotengenezwa vizuri na kutunzwa vizuri. CD ya bei nafuu ya mwaka 2005, iliyouzwa bila kasha kwenye rundo la sokoni, imekwisha kuvuka miaka 20.

Na matunzo yetu nayo? Mwaka 2003 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo wa kutunza CD: zisimame wima kwenye kasha, zishikwe ukingoni na kwenye tundu, ziwekwe mahali penye nyuzi 4 hadi 20 za joto na hewa isiyo na unyevu mwingi. Sisi, kabla ya mvua za kwanza, tunalala katika vyumba vinavyopita nyuzi 30, na kuanzia Novemba unyevu unaingia kila mahali hadi Aprili. Hatuwezi kubadili hali ya hewa ya Katanga. Lakini boksi linaweza kushushwa kutoka juu ya kabati, karibu na mabati, likawekwa chini mahali penye kivuli na pakavu. CD inaweza kuondolewa dirishani. Ile iliyoachwa kwenye gari, juani, kuanzia asubuhi hadi saa kumi, inaweza kuingizwa ndani.

Unyevu una rafiki yake ambaye watu hawamjui. Mwaka 2001 watafiti wa Hispania walieleza juu ya CD iliyoletwa kutoka Belize, nchi ya joto na mvua huko Amerika ya Kati, ambayo ilikuwa imeliwa na kuvu wa jamii ya Geotrichum. Kuvu hao waliingia kwa ukingo wakala plastiki na alumini, wakaacha njia zinazopitisha mwanga. Belize ina unyevu kuliko Likasi, lakini CD iliyowekwa mbichi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa imejitengenezea Belize yake.

Halafu kuna biki. Hili linanisikitisha kuliko yote, kwa sababu hufanywa kwa upendo. Mama anataka kuitambua CD ya arusi ya mwanawe, anachukua biki, anakandamiza, anaandika jina na tarehe. Ncha ngumu ya biki imepita juu ya vanishi, na kila herufi imeacha mfereji. Mwingine anabandika karatasi yenye gundi. Gundi hula vanishi taratibu, na karatasi ikianza kubanduka hung'oka na chuma. Ukiinua CD ya yule mama mbele ya taa utaona jina la bwana arusi limeandikwa kwa mwanga. Kalamu laini ya wino wa maji, kwenye duara la katikati lisilo na chuma, ndiyo inayofaa.

Kwa mafundi wetu, mazungumzo ya namna hii ni ya kawaida:

"Fundi, hii CD inakataa. Jana ilipiga muzuri."

"Ilipiga mpaka mwisho, mama?"

"Mwisho inaruka tangu mwaka jana. Tulizani ni mavumbi."

"Na kwa mashini ya jirani?"

"Kule njo inakubali. Huku inakataa."

"Mama, mashini haina neno. Ni CD njo imechoka."

Katika maneno hayo machache dalili mbili zimetajwa. Mwisho unaruka: ukingo umeanza. Inakubali kwa mashine hii na kukataa kwa ile: makosa yamefika kwenye mpaka, na mashine yenye leza nzuri ndiyo peke yake inayoweza kuyabeba. CD ikianza kuchagua mashine, usifurahi kwamba umepata mashine inayoipenda. Huo ndio wakati wa kukimbia. Vivyo hivyo ikichukua muda mrefu kuzunguka kabla ya kuanza, au picha ikiganda mahali palepale kila mara. Watu wengi hapo hupaka dawa ya meno na kusugua. Dawa ya meno inaweza kupunguza mkwaruzo mdogo wa plastiki upande wa chini. Kwa chuma kilicholiwa au rangi iliyopauka haina kazi yoyote, na kusugua kwa mzunguko huongeza mikwaruzo inayofuata mstari wa sauti, ambayo ndiyo mibaya zaidi. Ukilazimika kufuta, futa kwa kitambaa laini kuanzia katikati kwenda ukingoni.

Ukitaka kuwa na hakika, toa CD moja, ishike ukingoni, iinue mbele ya balbu au mwanga wa mlangoni, upande wa jina ukikuelekea. Tundu dogo moja au mawili ya mwanga huenda yalikuwepo tangu kiwandani. Ukiona mengi yametawanyika, au yamejikusanya ukingoni, chuma kimeanza kuondoka. Igeuze. Tazama kama ukingo una rangi tofauti na katikati, kama kuna madoa yanayofanana na wingu ndani ya plastiki ambayo hayafutiki. Kisha ipige wimbo wa mwisho, mpaka mwisho. Dakika chache hizo zitakuambia zaidi kuliko miaka yote ambayo boksi limekaa limefungwa.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu mji wetu wenyewe una ushahidi kwamba sauti inaweza kuokoka. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyetoka kusini, alimrekodi hapahapa, wakati huo mji ukiitwa Jadotville, kijana mpiga gitaa aliyezaliwa Bunkeya, Jean-Bosco Mwenda. Nyimbo hizo, "Masanga" ikiwa mojawapo, zilitoka kwenye santuri za kampuni ya Gallotone zikaenea hadi Nairobi na mbali zaidi. Bosco alifariki mwaka 1990. Santuri nyingi za zama zile zimevunjika. Lakini gitaa la Bosco bado tunalisikia, kwa sababu Tracey alianzisha mwaka 1954 maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, ILAM, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes nchini Afrika Kusini, rekodi zikatunzwa huko, na baadaye zikanakiliwa tena kwa ajili ya CD. Hakuna kifaa hata kimoja kilichodumu milele katika safari hiyo. Kilichodumu ni desturi ya kunakili kabla kifaa cha zamani hakijafa.

Bosco alipata mtu wa kumtunzia. Kwaya ya parokia yako imekupata wewe.

Kunakili si kazi ngumu, ila inataka kuwahiwa. Kompyuta ndogo za siku hizi hazina tena mahali pa kuingizia CD, lakini mafundi wengi bado wana kompyuta za zamani zenye nafasi hiyo, na kuna visomaji vya nje vinavyochomekwa kwa waya wa USB. CD iliyojaa ina ukubwa wa megabaiti 700 hivi, na flashi ndogo ya bei ya chini inaweza kubeba kumi za namna hiyo. CD ikisumbua, usiilazimishe kwa haraka. Mwambie fundi aisome kwa mwendo wa polepole na ajaribu visomaji tofauti, maana kinachoshindwa na kimoja huweza kusomwa na kingine. Zipo programu za bure, Exact Audio Copy kwa mfano, ambazo husoma kipande kilekile mara nyingi mpaka majibu yakubaliane, na kukuonyesha palipoharibika. Muziki wa kwaya hifadhi kwa WAV au FLAC, ambazo hazipunguzi sauti. MP3 itoshe kwa kutumiana kwenye simu.

Hapo pia kuna mtego, nao ni uleule wa Blackburn uliovaa nguo mpya. Ukishanakili kwenye flashi utajisikia umemaliza. Flashi huungua, simu huibwa, diski ya kompyuta hufa umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo. Weka nakala mbili kwenye vifaa viwili tofauti, na ya tatu kwa ndugu anayeishi mji mwingine, Lubumbashi au Kolwezi au ng'ambo. Kila mwaka zifungue, zisikilize hadi mwisho. Na usiitupe CD yenyewe. Kama bado inasomeka, irudishe kwenye kasha, isimame wima, kivulini.

Viongozi wa kwaya, makatibu wa parokia na wa makanisa, nawaomba ninyi hasa, kwa sababu mnashika mali ya wengi. Wapiga video mliofanya kazi miaka ile, pekueni kanda na diski zenu za zamani kabla ya kuzitupa, na wateja mnaowakumbuka wapigieni simu. Na wewe mwenye boksi, anza na zile zisizo na nakala nyingine popote duniani: sauti ya marehemu kabla ya muziki wa dukani. Jumapili hii, baada ya ibada, lishushe boksi, zitazame moja moja mbele ya mwanga, na zile zenye ukingo wa kahawia au zinazochagua mashine zipeleke kwa fundi Jumatatu.